Usitumie long kwenye imeji ya diski

Jamani, juzi nilipitia kodi ya kusoma imeji za diski, nikakuta kila namba ni long. Kwenye Linux ya biti 64, long ni baiti 8. Kwenye Windows ya biti 64 ni baiti 4. Lakini jedwali la MBR huandika sekta ya kwanza ya kila sehemu ya diski kwa biti 32, kompyuta iwe yoyote. Basi andika uint32_t, C inayo rasmi tangu 1999.

Ila ukitafuta baiti ilipo, igeuze kwanza iwe uint64_t ndipo uzidishe kwa 512. Usipofanya hivyo, sekta ya 8,388,608 inakuwa baiti sifuri. Ukiandika hapo, umefuta MBR yenyewe. Aina ya namba huamuliwa na diski, si mazoea yako.