Uzeni ndege, kisha?

Bajeti ikikaza kidogo tu, hoja ni ileile: ndege za serikali ziuzwe, mawaziri wapange foleni uwanjani kama sisi. Ukiitamka kijiweni unapigiwa makofi. Hesabu yake, hata hivyo, haisimami.

Waulizeni Wamexico. Andrés Manuel López Obrador aliingia madarakani Desemba 2018 akiapa hatakanyaga Boeing 787 ya rais, iliyonunuliwa kwa dola milioni 218 hivi. Akapanda ndege za abiria, watu wakashangilia. Ndege ikaegeshwa California. Nani ainunue? Ndani ilikuwa na viti 80 tu, chumba cha kulala na bafu. Shirika la ndege za abiria lingelazimika kung'oa vyote hivyo na kuanza upya. Mwaka 2020 ikachezeshewa bahati nasibu, tiketi milioni sita za peso 500 kila moja, na washindi wakapewa pesa, si ndege. (Sinema hiyo nayo ilikuwa na gharama zake.) Tajikistan ikaja kuichukua mwaka 2023 kwa dola milioni 92 hivi. Miaka yote hiyo matengenezo yalilipiwa.

Malawi nako Rais Joyce Banda aliuza ndege ya rais mwaka 2013 kwa dola milioni 15. Wananchi wakabaki kuuliza fedha zimeishia wapi, na mwaka uliofuata akashindwa uchaguzi.

Hasira yetu naielewa. Basil Mramba, akiwa waziri wa fedha wa Tanzania, aliona heri tule nyasi ilimradi ndege ya rais inunuliwe. Kauli ile haisahauliki. Lakini waziri asiye na ndege ya serikali haachi kusafiri. Atakata tiketi ya daraja la juu, wasaidizi nyuma yake, posho za kila mmoja, na kule ratiba isikofika atakodi ndege ndogo. Bili hizo zinatawanyika kwenye mafungu ya wizara, hakuna wa kuzijumlisha.

John Magufuli alipoingia madarakani mwaka 2015 hakuanza na kuuza ndege ile ya rais, Gulfstream. Alizuia safari za nje zisizo na kibali cha Ikulu. Alibana safari, na huko ndiko fedha zinakovuja.

Kwa hiyo mbunge anayetaka ndege ziuzwe aidai kwanza serikali orodha ya safari za mawaziri za mwaka jana: nani alikwenda wapi, na watu wangapi, kwa kibali cha nani. Akishaipata, tujadili ndege.