Haki ya Foleni na Haki ya Uhai

Watu wengi hudhani kwamba haki ni foleni: aliyetangulia kufika ndiye wa kutangulia kuhudumiwa. Dukani ni kweli. Katika wodi ya wazazi si kweli, na kutolijua jambo hilo huwaletea wauguzi lawama wasizostahili.

Tuwafikirie akina mama watatu. Wa kwanza kufika yu katika uchungu wa kawaida, naye analia kwa sauti kubwa. Wa pili ana mimba ya wiki 34. Kichwa kinamuuma sana na anaona ukungu machoni. Wa tatu amejifungua saa moja iliyopita; amelala kimya, hamsumbui mtu. Muuguzi ni mmoja. Aanze na nani?

Aanze na aliye kimya, maana mapigo ya moyo wake ni 120 kwa dakika, na kipimo cha juu cha shinikizo la damu ni 100. Tugawanye 120 kwa 100: jawabu ni 1.2. Kwa mzazi, jawabu likifika 0.9 ni onyo. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu. Kwa hiyo mzazi aweza kupoteza damu nyingi huku shinikizo likionekana jema. Aghalabu mapigo ndiyo hutangulia kutoa habari. Wa pili afuate mara: shinikizo lake likiwa 160 kwa 110 au zaidi, kifafa cha mimba chaweza kuwa mlangoni. Wa kwanza hasahauliwi. Hali yake ikibadilika, zamu nayo hubadilika.

Jicho peke yake hudanganya. Utafiti uliofanywa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukatangazwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba damu ilipopimwa kwa mfuko wenye alama, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja, matukio ya kutokwa damu kwa hatari yalipungua kwa asilimia 60.

Maoni yangu ni kwamba hesabu hii ifundishwe shuleni. Mwanafunzi wa kidato cha pili ajua kugawanya, na mshipa anao mkononi mwake. Elimu hiyo haitaondoa uchache wa wauguzi. Hilo ni deni la taifa zima. Lakini atafahamu kwa nini muuguzi amempita anayelia akamwendea aliyenyamaza. Na siku atakapomwona nyumbani mzazi aliyelegea, hatasema, "Mwacheni apumzike," kabla ya kumshika mkono na kuhesabu.