Chupa Inaponyamaza

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa bado katika mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya watoto, mama mmoja alifika wodini usiku akiwa amembeba mtoto wa miezi minane. Hakuwa na taharuki. "Daktari," aliniambia, "amekohoa siku tatu mfululizo. Tangu jioni, tulipompa dawa, ametulia kabisa. Ila hataki kunyonya." Mtoto alikuwa ametulia kweli. Alivuta pumzi kwa nadra, mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa mithili ya ncha ya sindano, na tulipomfinya kidole hakulia. Mama alitoa mkobani chupa ndogo ya kahawia ya dawa ya maji, ambayo mjomba wa mtoto alikuwa ameandikiwa wiki mbili kabla. Kibandiko kilikuwa cha Kiingereza kitupu. Katika mstari mmoja, kwa herufi ndogo, palikuwa na neno ambalo mama yule hakuwa na namna ya kulielewa: kodeini.

Mtoto alipona. Alipewa dawa ya kuondoa athari za kodeini, akawekewa oksijeni, kisha akaanzishiwa antibiotiki, kwa maana chini ya ule utulivu kulikuwa na nimonia iliyokuwa ikiendelea kukua. Kilichonibaki akilini si ugonjwa, bali ni amani aliyokuwa nayo mama. Alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba dawa imefanya kazi, kwa kuwa kikohozi kilikuwa kimekoma. Kosa lake lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imehifadhiwa katika chupa za kioo zilizomo kwenye makumbusho ya dawa ya Ulaya na Marekani.

Afyuni ni utomvu unaogemwa kwenye vitumba vya mmea wa mpopi. Kiswahili kina jina jingine la utomvu huo, kasumba, ingawa leo wengi wetu tunalifahamu neno hilo kwa maana ya fikra iliyomlevya mtu asiione hali yake. Viini vya afyuni hujishikiza kwenye vipokezi vilivyomo katika shina la ubongo, mahali ambapo vituo vinavyoongoza kikohozi na vile vinavyoongoza upumuaji vinapakana. Kwa hiyo kinachotuliza kikohozi ndicho hicho hicho kinachoweza kuzima pumzi. Tofauti ni kipimo tu, na kwa mtoto mchanga umbali kati ya kipimo kimoja na kingine ni mfupi mno.

Waganga wa zamani hawakuwa wajinga. Katika karne ya 17 Thomas Sydenham wa Uingereza alichanganya afyuni na mvinyo na viungo, na mwaka 1732 Thomas Dover akatangaza unga wake wa afyuni na ipeka. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia Mjerumani, Friedrich Sertürner, alitenga mofini kutoka katika afyuni. Mwaka 1832 Mfaransa Pierre Robiquet akatenga kodeini. Enzi hizo kifua kikuu na nimonia ziliua bila huruma, wala hapakuwa na antibiotiki hata moja. Daktari aliyempa mgonjwa wa kifua kikuu afyuni ili apate usingizi alikuwa akitoa faraja pekee aliyokuwa nayo. Simlaumu. Lawama yangu ni kwa yule aliyeitia faraja hiyo katika chupa nzuri, akaficha jina lake, na kuiuza kama tiba.

Biashara hiyo ilishamiri katika karne ya 19. Dawa hizo ziliitwa dawa za hataza, ingawa nyingi hazikuwahi kusajiliwa hataza, kwa kuwa usajili ungewalazimu wenyewe kufichua kilichomo. Huko Lowell, Massachusetts, James C. Ayer aliuza Cherry Pectoral, dawa ya kifua yenye chembechembe za jamii ya afyuni, kwa kadi za matangazo zilizopambwa kwa picha za watoto wenye siha. Nchini Uingereza kulikuwa na Chlorodyne ya Dakta John Collis Browne, aliyekuwa daktari wa jeshi nchini India. Ndani yake mlikuwa na mofini, klorofomu na bangi, na ilitangazwa kuwa inafaa kwa kikohozi, pumu, kuhara na hata kipindupindu. Huko Maine kulitoka Mrs. Winslow's Soothing Syrup, iliyouzwa tangu mwaka 1849 kwa watoto wanaoota meno. Kila aunsi moja yake, yaani kama mililita 30, ilikuwa na takriban miligramu 65 za mofini.

Tuipige hesabu hiyo. Kijiko kimoja cha chai kilibeba takriban miligramu 10 za mofini. Hicho ni mara kadhaa ya kipimo ambacho leo ningethubutu kumpa mtoto wa miezi minane mwenye maumivu makali, tena akiwa wodini, muuguzi akimhesabia pumzi. Mwaka 1911 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliitaja dawa hiyo miongoni mwa zile ilizoziita wauaji wa watoto. Hata hivyo iliendelea kuuzwa kwa miaka mingi baadaye.

Sasa zitazameni chupa zenyewe. Waingereza wa enzi hiyo walikuwa na desturi ya kutia sumu za nyumbani katika chupa za buluu iliyokoza au kijani, zenye pembe sita na matuta ubavuni, zikiwa zimechapwa maneno ya kuonya kwamba kilichomo hakinywewi. Matuta yale yalikuwa na maana: mtu akipapasa rafuni gizani, vidole vyake vimwonye kabla ya macho. Ilikuwa busara kubwa. Lakini dawa ya kikohozi yenye mofini haikukaa katika chupa ya namna hiyo. Ilikaa katika chupa laini yenye rangi ya maji ya bahari, jina la mwenye dawa likiwa limechongwa kwenye kioo kwa fahari. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1868 ilitaka afyuni iuzwe na kibandiko cha sumu, lakini ikazisamehe dawa za hataza. Hivyo sumu ya panya ilipiga kelele, na sumu ya mtoto ikakaa kimya.

Kilele cha mkasa huo kilikuwa mwaka 1898, pale kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilipoingiza sokoni dawa mpya ya kikohozi. Mkemia C. R. Alder Wright alikuwa ameitengeneza kutokana na mofini jijini London mwaka 1874, bila kuitia maanani sana. Bayer waliipa jina la biashara: Heroin. Walidai kwamba ni bora kuliko kodeini na haileti uraibu. Miaka michache ilitosha kuyakanusha madai hayo. Bayer waliacha kuitengeneza mwaka 1913, na mwaka 1924 Marekani ikapiga marufuku utengenezaji wake. Nasi tunazijua athari zake bila kufungua kitabu. Tangu mwaka 2011, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na baadaye katika vituo vingine, vijana waliotekwa na heroini hufika kila siku kunywa methadoni, dawa ya maji, mbele ya muuguzi. Wachache kati yao wanajua kwamba kilichowaharibia ujana kiliwahi kuwekwa rafuni kama dawa ya kifua.

Ni nini kilichoanza kuuvunja mtandao huo? Si marufuku. Ni kibandiko. Mwaka 1906 Marekani ilipitisha sheria iliyowataka watengenezaji waandike kwenye chupa kiasi cha afyuni, mofini, heroini, kokeini, klorofomu, bangi au kileo kilichomo. Sheria ile haikumkataza mtu kuuza, ilimkataza kuficha. Kuna chupa moja iliyosalia, ya dawa iliyoitwa One Night Cough Syrup kutoka Baltimore, ambayo kibandiko chake kinataja bila haya kileo, bangi, klorofomu na mofini. Watu huitazama leo na kucheka. Mimi huiona kuwa chupa ya heshima kuliko zilizoitangulia, kwa sababu angalau inasema kweli. Mama wa Baltimore aliyejua kusoma aliweza kuirudisha rafuni.

Hapo ndipo ninapomrudia mama wa wodini. Kisheria chupa yake ilikuwa imesema kila kitu. Lakini ilisema kwa lugha isiyokuwa yake, kwa herufi ndogo, na kwa jina la kikemia lisilomkumbusha afyuni hata kidogo. Kwake yeye, chupa ile ilikuwa kimya sawasawa na chupa za mwaka 1850. Nyingi ya chupa ninazoletewa kliniki hadi leo ziko hivyo. Tunajivunia, na ni haki yetu, kwamba Kiswahili ni lugha ya Bunge, ya mahakama na ya shule. Mbona tunakinyima nafasi ya sentimita chache kwenye chupa atakayoimimina mzazi saa nane za usiku?

Elimu ya kodeini imebadilika mno, na mzazi anastahili kuipata. Kodeini hugeuzwa kuwa mofini ndani ya ini kwa kazi ya kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Kuna watu ambao kimeng'enya hicho hufanya kazi kwa kasi ya kupindukia, na hali hiyo imeonekana zaidi miongoni mwa watu wa Ethiopia na Afrika Kaskazini kuliko wa Ulaya. Kwao, kipimo cha kawaida huweza kugeuka sumu. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kodeini isitumike kutibu kikohozi cha mtoto aliye chini ya miaka 12. Marekani ikafuata mwaka 2017. Mwaka 2018 Nigeria ilipiga marufuku utengenezaji na uingizaji wa dawa za kikohozi zenye kodeini, baada ya uraibu wake kuenea miongoni mwa vijana.

Wapo watakaonijibu kwamba ninaichukia afyuni. Sivyo. Mofini ya kunywa ni neema kwa mgonjwa wa saratani. Nchini Uganda mofini hiyo hutiwa rangi tofauti kulingana na nguvu yake, ili mgonjwa na anayemuuguza wasikosee. Tazama hekima hiyo, ni binamu wa yale matuta ya chupa za zamani. Kinachotofautisha neema na madhara ni kwamba huko kila mtu anajua kilichomo, anayekinywa na sababu yake.

Wengine watasema kwamba Kiswahili hakijakamilika kwa istilahi za famasia. Lakini sihitaji kutafsiri kemia yote. Zinatosha sentensi tatu, kwa herufi kubwa: "Dawa hii ina kodeini, jamii ya afyuni. Asipewe mtoto aliye chini ya miaka 12. Huleta usingizi na huweza kuzuia pumzi." Hakuna neno hapo ambalo halina Kiswahili. Na kwa hoja ya gharama, wenye viwanda hubadili picha za makasha yao kila soko linapowataka. Nao wabadili maneno pale uhai unapowataka.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, mamlaka zetu za dawa zifanye onyo la Kiswahili kuwa sharti la kila dawa ya kikohozi inayouzwa nchini, si hiari. Pili, mwenye duka la dawa aulize maswali mawili kabla ya kugusa rafu: dawa ni ya nani, na amekohoa tangu lini? Najua kwamba kwa familia nyingi duka hilo ndiyo zahanati ya karibu. Ndiyo maana maswali hayo yana uzito.

Kwa mzazi, nasema hivi. Kikohozi ni mlinzi wa mapafu. Kazi yake ni kutoa makohozi na kutoa taarifa. Kikohozi kingi cha mafua humalizika chenyewe. Maji ya kutosha na maziwa ya mama vyatosha, na mtoto aliyetimiza mwaka mmoja aweza kulambishwa asali kidogo. Lakini mtoto akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, au mara 40 na zaidi akiwa na mwaka mmoja hadi mitano, mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au akilegea, apelekwe kituo cha afya bila kungoja kupambazuke. Na yeyote aliyekohoa wiki mbili apimwe kifua kikuu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walikuwa wakimsema mgonjwa anayeona haya. Katika habari niliyoieleza, aliyeyaficha maradhi hakuwa mgonjwa wala mama yake. Ilikuwa chupa. Imani kwamba kila kikohozi sharti kinyamazishwe ni kasumba nyingine, nayo haitatutoka hadi chupa zetu zijifunze kusema lugha ya anayezishika.