Sale mlangoni

Jumapili

Ibada ya kwanza imekwisha na hakuna anayeondoka. Katika usharika wetu huku Machame, sadaka nyingine haitoshi kwenye kapu. Huja kichwani au kwapani: mkungu wa ndizi mshare, debe la mahindi, boga, kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Baada ya baraka, mzee wa kanisa husimama kwenye ngazi na mnada huanza.

Bibi mmoja, jirani yetu, alileta mayai manne kwenye bakuli. Kijana wa bodaboda akayanunua kwa shilingi elfu tatu, akalipa, kisha akasema, "Yarudi mezani." Yakanadiwa tena. Mwalimu mstaafu akatoa elfu nne, naye akayarudisha. Mara ya tatu aliyachukua mama yangu kwa elfu mbili. Akavuka uwanja, akapiga goti kidogo, akamkabidhi bibi yule yule aliyeyaleta. Bibi akarudi kwake na mayai yake manne, na kanisa likabaki na elfu tisa.

Huko mjini ninakoishi nimekaa kwenye harambee nyingi, majina yanasomwa kwa kipaza sauti pamoja na kiasi cha fedha. Sikumbuki hata moja iliyonigusa kama bakuli lile. Nadhani ni kwa sababu hapa kila mtu alijua mayai yale yametoka kwa kuku gani, na kuku huyo anakula nini.

Jumanne

Ni msimu wa kahawa. Tunachuma zilizoiva tu, nyekundu, moja moja, za kijani tunaziachia siku yake. Ndiyo maana mti mmoja hurudiwa tena na tena. Zilizochumwa leo humenywa leo kwa mashine ya mkono. Zikilala zinaanza kuchacha na ladha inaharibika. Mama huzungusha mpini, mimi namimina maji, mtoto wa kaka anaokota zinazoruka.

Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye miti hii. Bei ilipoanguka, wengi waling'oa kahawa wakapanda mboga, na siwalaumu, mtoto hasubiri soko lipone. Baba alikataa kung'oa hata mti mmoja. Alipofariki tulimzika hapa hapa kihambani, shamba letu la nyumbani, na kutoka kwenye kaburi lake unaiona mistari yote aliyoipanda.

Jumatano

Ng'ombe wetu hatoki zizini. Anakatiwa majani, analetewa shina la mgomba lililokatwa vipande, na samadi yake inarudi kwenye migomba. Jioni mama alipima maziwa kikombe kwa kikombe: kwanza ya jirani aliyejifungua, yetu baadaye.

Alhamisi

Siku hii ndiyo niliyoijia.

Mwezi wa pili, kiangazi kilipokuwa kikali, kaka yangu alifungua mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, usiku. Zamu haikuwa yake, ilikuwa ya baba mdogo, binamu yake marehemu baba, ambaye kihamba chake kiko chini ya chetu. Asubuhi nduwa, bwawa la kukusanyia maji, ilikuwa tupu na maharage ya mzee yakakauka. Tangu hapo hawakusalimiana. Miezi saba, watu wa mfongo mmoja, benchi moja kanisani. Mama aliniambia kwamba kila Jumapili, Sala ya Bwana ikifika kwenye msamaha, sauti yake yeye mwenyewe inakauka.

Kaka yangu ndiye aliyekosea. Naandika hivyo kwa sababu yeye mwenyewe aliniruhusu, na kwa sababu ilimchukua muda mrefu kusema hivyo.

Alfajiri alikata jani la sale kwenye kaburi la baba. Sale ndilo mpaka wa vihamba vyetu, ndilo alama ya walipolala wazee, na ndilo jani la kuombea radhi. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893 walilikuta, na mchungaji wetu wa leo haoni ugomvi wowote kati ya jani hilo na msalaba wa saruji uliosimama kando yake. Mimi pia sioni.

Tulishuka watatu: mama mbele, kaka na jani lake, mimi nyuma. Mzee alikuwa amekaa mlangoni.

"Shikamoo, baba mdogo," kaka alisema, akanyoosha jani kwa mikono miwili.

Mzee hakuitikia mara moja. Alilitazama jani, akamtazama mama. Nilisikia maji ya mfongo nyuma ya nyumba. Kisha akalipokea, akalichomeka juu ya mlango wake, akasema, "Marahaba. Ingieni, mbona mmesimama juani?"

Alituletea mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata. Alikunywa yeye, akampa kaka. Hakuna aliyetaja maharage.

Jumamosi

Kabla ya jua kuchomoza niliwakuta wote wawili penye nduwa, suruali zimekunjwa magotini, wakizoa tope kwa majembe. Ilikuwa zamu ya mzee. Walipomaliza alishika kizibo, akakivuta, akasogea pembeni.

"Geuza kwenu kwanza," alimwambia kaka. "Mboga za mama yako zimenyauka, nimeziona jana."