Wavuvi wa Tanganyika, tuache kununua uzi kwa macho!

Uvira, Kivu ya Kusini.

Leo sitaongea bei ya ndagala wala kodi za bandarini. Naongea kitu kidogo kinachokula makuta ya wavuvi wetu kila siku: uzi wa ndoano. Nasema wazi: mvuvi anayeingia kwenye matete na nailoni nyembamba haendi kuvua, anaenda kupoteza ndoano. Na muuzaji anayemuuzia uzi huo huku akijua anakoenda, anamwibia.

Tuangalie pwani yetu. Kambale na ngege wanajificha ndani ya matete, kama kule Ruzizi inapoingia ziwani. Kuhe na sangala wanapatikana pia penye mawe, kama yale ya Ubwari. Tena ziwa lilipopanda mwaka 2024, maji yaliingia katika nyumba za Uvira, Kalemie na Bujumbura. Kuta zilizoanguka na miti iliyozama, vyote vimekuwa maficho ya samaki. Akisikia ndoano tu, jambo la kwanza ni kurudi ndani. Hapo hauvuti samaki peke yake, unavuta samaki pamoja na tete lenyewe.

Sasa, nailoni ya milimita 0.25 inabeba karibu kilo 5 ikiwa mpya. Ukiifunga fundo, nguvu inapungua. Ikilowa, inapungua. Ikikaa juani wiki nyingi juu ya mtumbwi, inapungua tena. Zaidi ya hapo, nailoni hunyooka: ukivuta kwa nguvu, mita 10 zinaweza kuongezeka zaidi ya mita 1. Mita hiyo moja inamtosha samaki kuzunguka tete na kukata uzi.

Najua jibu la wazee wetu: samaki anaona uzi mnene, anakimbia. Papa zetu hawakosei kabisa. Mbali na pwani, maji ya Tanganyika ni meupe, na huko uzi mwembamba una kazi yake. Lakini ndani ya matete kuna kivuli, na karibu na mito maji yana tope. Samaki anayerukia chambo pale hana muda wa kupima unene wa uzi. Kosa ni kuchukua sheria ya maji mapana na kuipeleka vichakani.

Basi tununue nini? Kwa matete, uzi wa kusukwa, ule ulioshonana kama nywele za akina mama, wa kubeba kilo 20 hadi 30. Kwa unene uleule unabeba kilo nyingi kuliko nailoni, haunyooki, na ukivutwa unakata majani laini. Lakini muuzaji akikwambia kwamba uzi huo unafaa kila mahali, usimsikilize. Kwenye jiwe lenye ncha, nyuzi zake ndogo zinakatika moja moja, mwisho unabaki na mkono mtupu. Penye mawe na kuta, chukua nailoni nene, milimita 0.60 kwenda juu, au funga mita 1 au 2 za nailoni hiyo upande wa ndoano. Kila ukitoa samaki, pitisha kipande cha mwisho kati ya vidole. Ukisikia mikwaruzo, kata kipande hicho, funga upya, na ulowanishe fundo kabla ya kulikaza.

Wengine watasema uzi wa kusukwa unakata mikono. Ni kweli, hasa kwa sisi tunaovuta bila fimbo. Usiuzungushe kwenye vidole hata siku moja. Uzungushe kwenye kipande cha mti, na vidole uvifunike na mpira wa ndani wa baiskeli. Gharama yake ni ndogo kuliko kidonda.

Wengine watasema ni ghali. Bei ya dukani ni ghali, sikatai. Lakini piga hesabu yote. Andika kwa mwezi mmoja ndoano ulizopoteza, vipande vya uzi vilivyobaki kwenye matete, na samaki uliowaona karibu na mtumbwi na hawakufika nyumbani. Halafu uniambie ni uzi gani ulio ghali.

Na hasara haiishii kwa mvuvi. Samaki aliyekata uzi anaondoka na ndoano mdomoni, akifa hakuna aliyemla. Nailoni haiozi kama kamba ya katani. Inabaki pale ambapo mama anaosha masufuria na watoto wanaoga, ndoano ikiwa bado imefungwa. Inajizungusha kwenye injini za mitumbwi. Inanasa ndege. Tunalia kwamba ziwa linatunyima samaki, kumbe tunawaua bila kuwala.

Kwa hiyo nageukia wauzaji. Muuzaji anafungua bobini, anazungusha uzi kwenye kijiti, anatupa karatasi iliyoandikwa milimita na kilo. Mvuvi anabaki kununua kwa macho, na macho hayapimi kilo. Mbona mafuta yanauzwa kwa lita na unga kwa kilo, lakini uzi unaolisha familia unauzwa kwa kubahatisha?

Komite za wavuvi zinakusanya michango. Basi zifanye kazi hii: kila bandari ndogo iwe na mizani moja ya kuning'iniza, uzi ujaribiwe mbele ya mnunuzi, na asiyetaka kuonyesha karatasi ya bobini asiuze kwenye bandari hiyo. Pia liwekwe pipa moja la kutupia vipande vya uzi mzee, visirudi majini.

Nawe ndugu mvuvi, kesho ukifika butikini, usiulize kwanza bei. Uliza milimita ngapi na kilo ngapi. Muuzaji akishindwa kujibu, rudisha makuta mfukoni.