Mshika Mbili Katika Kazi ya Serikali

Ndugu wanachama,

Tukizungumza juu ya kazi ya serikali, mara nyingi twazungumza juu ya mshahara, pensheni na nyumba. Hayo ni haki yetu, na chama kisipoyasema hakuna mwingine atakayeyasema. Lakini leo nataka kusema jambo jingine. Kazi ya serikali ni ufundi kama ufundi mwingine, nayo haiwezi kufanywa na mtu ambaye moyo wake uko dukani kwake.

Sisi wa reli twalijua jambo hili. Mtu wa gengi hupewa sehemu yake ya njia, naye huipita kwa miguu akitazama reli, mataruma, boliti na kokoto. Akiacha kupita kwa sababu ana ng'ombe wa kuuza Taveta, treni haitamngoja amalize biashara yake. Karani naye ana sehemu yake ya njia, ila ajali zake hazina mlio. Cheti cha kuzaliwa kisipoandikwa, mtoto atahangaika atakapotaka kitambulisho. Hati ya shamba ikilala ndani ya faili, ndugu wawili hushikiana mapanga. Dawa zikichelewa kuagizwa, mgonjwa hufa, wala hakuna atakayeandika kwamba ameuawa na karani.

Huku kwetu serikali ilikuja kwa sura ya bwana, si ya mtumishi. Mwaka 1915 ilianza kujengwa reli kutoka Voi kuelekea Taveta kwa ajili ya vita vya Waingereza na Wajerumani, na tarehe 12 Februari 1916 wakapigania kilima chetu cha Salaita. Wenyeji hawakuulizwa. Baadaye mtu mweusi aliyeingia katika kazi ya serikali hakuhesabiwa mtu kamili. Tume ya Holmes ya 1947-48 ilikubali kwamba asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu mwenye kazi ile ile, mpaka Tume ya Lidbury ya 1954 ilipopendekeza kanuni hiyo iondolewe. Wafanyakazi wa reli na wa bandari waligoma Mombasa Januari 1947, na wa reli wakagoma tena 1959. Hawakugoma ili bwana mweupe aondoke na bwana mweusi akae katika kiti chake. Walitaka kazi iheshimiwe, na anayeifanya alipwe.

Sasa tuutazame mwaka 1971. Tume iliyoongozwa na Bwana Duncan Ndegwa ilipendekeza watumishi wa serikali ya Kenya waruhusiwe kuwa na mali na biashara zao, mradi zisigongane na kazi. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, maana biashara nyingi zilikuwa mikononi mwa wageni, na Mwafrika aliyesoma alikuwa ofisini. Lakini miaka minne kabla yake jirani zetu wa Tanzania walikuwa wameshika njia nyingine. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi, na watumishi wa serikali wa ngazi ya kati na ya juu pamoja naye, kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Sisemi kwamba ng'ambo ya Holili wanakaa malaika. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti hayo. Nasema tu kwamba wao waliliona shimo, nasi tukaliita mlango.

Matunda yake twayaona. Mimi nilikwenda mara tatu katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, kutafuta karatasi moja yenye muhuri. Kwa mtu wa Salaita safari hiyo ni nauli, njaa na siku ya kazi iliyopotea. Mara ya kwanza nilikuta koti juu ya kiti, mwenyewe hayupo. Mara ya pili nikalikuta koti lile lile. Mara ya tatu mlinzi akaniambia, "Kaka, mfuate dukani kwake." Nikamkuta anauza saruji. Wateja wa saruji aliwahudumia upesi, tena kwa tabasamu. Mimi wa karatasi nikaambiwa nije kesho.

Najua mtakavyonijibu: mshahara hautoshi, watoto watakula nini? Ni kweli, hautoshi. Wala simlaumu mfagiaji anayelima mahindi yake Jumamosi. Jasho la mtu baada ya saa za kazi ni lake. Lakini fikirini, ndugu zangu. Nani anayepigania mshahara? Ni yule asiye na njia nyingine. Mkubwa wa ofisi mwenye duka, matatu na nyumba za kupangisha hahitaji mgomo, wala haji mkutanoni. Anayebaki peke yake ni tarishi, mfagiaji, dereva na mtu wa gengi, ambao hawana mtaji. Serikali nayo huzoea kulipa nusu mshahara kwa nusu kazi, na wananchi huzoea kulipa nusu ya pili kwa mlango wa nyuma, ile tunayoiita chai. Kwa hiyo duka la mkubwa halitusaidii kuishi kwa mshahara mdogo. Ndilo linaloufanya mshahara ubaki mdogo.

Sheria haikunyamaza. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, ya chama na ya kugoma. Kifungu cha 77 kinamkataza ofisa wa dola wa kazi ya kudumu kufanya kazi nyingine ya mapato. Kifungu cha 232 kinataka utumishi wa umma uwe wa haraka, usiopendelea, na watu waajiriwe kwa ustahili wao. Lakini sheria bila watu wa kuishika ni kama spana iliyolala stoo.

Basi naleta mambo matatu mbele ya chama. Kwanza, tudai mshahara unaomtosha mtu mwenye kazi moja, tuuite kwa jina hilo: mshahara wa kazi moja. Pili, tudai mafunzo na vyeo kwa ustahili, ili kijana aingiaye ofisini ajue amejifunza ufundi, hakupata kiti cha kuwekea koti. Tatu, tusimtetee mwanachama aliyeacha kazi ya watu akaenda katika biashara yake, kama vile tusivyoweza kumtetea mtu wa gengi aliyeona boliti imelegea akapita.

Tutakapodai nyongeza, nao wananchi watatuuliza tumewafanyia nini. Heri tuwe na jibu.

Ni mimi,
Mfanyakazi wa Reli, Salaita