Mwalimu Mtarajiwa Mbele ya Kioo cha Kompyuta

Mwalimu mtarajiwa anayesoma kozi ya teknolojia ya elimu kwa njia ya mtandao hujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni lile lililoandikwa katika muhtasari wa kozi: namna ya kutayarisha somo la video, namna ya kutumia majaribio yanayoigizwa na kompyuta, na namna ya kutunga maswali yanayosahihishwa na mashine. La pili halikuandikwa popote, nalo ni kuonja hali ya kufundishwa na mtu asiyeonekana. Chuo hulipima la kwanza na kulitolea cheti. La pili hupita bila kuulizwa, ingawa pengine ndilo litakalowafaa zaidi wanafunzi ambao mwalimu huyo atawafundisha maisha yake yote ya kazi.

Hoja ya makala haya ni kwamba kozi za namna hii zinastahili kuendelea, lakini hazistahili kuhesabiwa kuwa mafunzo ya ualimu mpaka zitakapofungamanishwa na darasa halisi na kuwa na mkufunzi wa kuzisimamia.

Msomaji na amfikirie mwanachuo wa mwaka wa pili, asomaye Fizikia na Hisabati. Kozi yake ni ya majuma manane. Kompyuta hana, anayo simu ya mkononi, na kioo chake kimepasuka pembeni. Kila somo lina video ya dakika kumi, kurasa za kusoma, na maswali matano ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Usiku, wenzake wakiwa wamelala, hufungua video na kuisikiliza. Yafikapo maswali huchagua jibu. Akikosea, mashine humwambia ajaribu tena. Akikosea mara tatu, jibu la nne haliwezi kuwa kosa. Mwisho wa somo mashine huandika kuwa amepata yote. Yeye mwenyewe anajua kuwa hakuelewa, lakini hakuna aliyemuuliza.

Upungufu huo hautokani na uvivu wa mwanachuo. Kosa limo katika namna somo lilivyopangwa. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Saint Louis huko Marekani, Roediger na Karpicke, walitangaza matokeo ya jaribio ambalo kila mwalimu yampasa alijue. Wanafunzi walisoma kifungu kifupi cha habari. Baadhi yao wakakisoma tena; wengine wakatakiwa kuandika yote waliyoyakumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81 na wale wengine asilimia 75. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, na wale waliojilazimisha kukumbuka walibaki na asilimia 56. Basi kutazama video mara ya pili humpa mtu raha ya kudhani kuwa amejua. Kufunika kitabu na kuandika kwa maneno yake mwenyewe humpa taabu, na taabu hiyo ndiyo inayojenga maarifa. Maswali ya kubahatisha majibu hayampi taabu hiyo hata kidogo.

Liko pia suala la gharama, ambalo watungaji wengi wa kozi hulisahau kwa kuwa wao hukaa penye mtandao wa bure. Hesabu yake ni nyepesi, na mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya mwenyewe. Video inayosafirishwa kwa kasi ya biti milioni 1 kwa sekunde hutumia, kwa dakika kumi, biti milioni 600. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, hizo ni baiti milioni 75, yaani megabaiti 75. Maelezo yale yale yakitolewa kwa sauti pekee, kwa kasi ya biti 32,000 kwa sekunde, yatahitaji megabaiti 2.4 tu. Yakiandikwa katika kurasa 20 zenye herufi 2,000 kila mmoja, yatakuwa baiti 40,000, yaani sehemu ndogo sana ya megabaiti moja. Kwa gharama ya video moja mwanachuo angeweza kupata masomo ya sauti zaidi ya 30, au maandishi ya kumtosha kwa muda wote wa chuo. Video ina mahali pake: panapotakiwa kuonyesha mwendo, mikono ya fundi, au rangi inayobadilika katika bilauri. Uso wa mhadhiri anayesoma maandishi yake mwenyewe haustahili megabaiti 75 kutoka katika mfuko wa mwanachuo.

Si ajabu basi kwamba wengi huanza na wachache humaliza. Uchunguzi wa kozi huria zilizotolewa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Harvard na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, uliotangazwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa katika mwaka wa masomo 2017 hadi 2018 waliomaliza walikuwa takriban asilimia 3 ya washiriki wote. Miongoni mwa wale waliolipia ili wapate cheti kilichothibitishwa, waliomaliza walikuwa asilimia 46. Hata mtu aliyetoa fedha zake, na ambaye pengine ana mtandao mzuri nyumbani, mara nyingi hushindwa kufika mwisho akiwa peke yake.

Neno la kuzingatia hapo ni "peke yake". Kufundisha kwa mbali si jambo geni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa "Mtu ni Afya". Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walisikiliza vipindi, nao hawakusikiliza kila mtu pembeni mwake. Waliketi katika vikundi, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wametayarishwa mapema. Baada ya kipindi kikundi kilisoma kitabu, kikajadiliana, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi ya mbu. Redio ilikuwa moja, lakini mafunzo yalifanyika mahali pengi, kila mahali kwa mikono ya watu waliokuwapo.

Miaka michache baadaye, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu kwa wingi uliohitajika. Kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza elimu ya msingi walipewa mafunzo ya ualimu wakiwa kazini, na hadi katikati ya miaka ya 1980 walimu wapatao 45,000 walikuwa wamepitia njia hiyo. Walisoma masomo yaliyochapishwa, wakasikiliza vipindi vya redio, wakakutana na wakufunzi katika vituo vilivyokuwa karibu nao, huku wakifundisha. Ubora wa walimu hao ulibishaniwa sana, na ubishi huo haukukosa sababu: wengi wao walikuwa na elimu ndogo na vitabu vichache. Lakini walikuwa na jambo moja ambalo mwanachuo mwenye simu hana. Alichokisoma mwalimu yule jana, leo alikijaribu mbele ya watoto, na watoto walimwonyesha kama amekielewa au la.

Jinsi jambo hilo lilivyo la lazima huonekana siku mwanachuo anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Katika kozi yake amefundishwa Kanuni ya Ohm kwa kutumia majaribio ya kuigiza ya PhET, yaliyoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2001. Majaribio hayo hutolewa bure, na ni kazi nzuri sana. Katika kioo, betri mbili za volti 1.5 zilizounganishwa mfuatano pamoja na kikinza cha ohm 10 hutoa mkondo wa ampea 0.3 barabara, kama kanuni isemavyo.

Darasani ana betri mbili za tochi ambazo si mpya sana, waya, kikinza, na ameta moja kwa wanafunzi zaidi ya hamsini. Ameta inasoma karibu ampea 0.27. Msichana wa dawati la mbele anasoma namba hiyo kwa sauti, kisha anauliza kwa nini si 0.3.

Hapo ndipo mwalimu huzaliwa au hukosa kuzaliwa. Yako majibu mawili rahisi. La kwanza ni kusema kuwa ameta ni mbovu. La pili ni kuwaambia wanafunzi waandike 0.3 kwa sababu ndilo jibu la mtihani. Majibu yote mawili huwafundisha watoto kwamba sayansi ni mambo ya kitabuni, na kwamba macho yao wenyewe si ya kuaminiwa. Liko jibu la tatu: kuwaambia wapime volteji ya betri swichi ikiwa wazi, kisha waipime tena mkondo ukipita. Wataona inashuka kutoka karibu volti 3 hadi karibu volti 2.7. Betri yenyewe ina ukinzani ndani yake. Ukiwa ohm 1 kwa betri zote mbili, ukinzani wa sakiti nzima ni ohm 11, na 3 ikigawanywa kwa 11 ni karibu 0.27. Kanuni ya Ohm haikuvunjika; kilichopungua ni hesabu iliyoisahau betri. Tena katika mwigo ule ule wa PhET ukinzani wa betri waweza kuongezwa, na wanafunzi wakaona kioo nacho kinatoa 0.27. Hapo kompyuta imekuwa mtumishi wa swali lililotoka darasani, na hiyo ndiyo kazi yake hasa.

Lakini ni nani atakayemtayarisha mwanachuo kwa dakika ile? Video haikuwa na msichana wa dawati la mbele. Mashine ya kusahihisha haikujua kuwa betri zimechoka. Anahitajika mkufunzi aliyeketi nyuma ya darasa, ambaye baada ya kipindi atamuuliza: "Ulipoona namba ile, ulifikiri nini?"

Wako watakaopinga kwa ushahidi wa kisayansi, na wasikilizwe. Mwaka 2005 watafiti wa Colorado walitangaza kuwa wanafunzi waliojifunza umeme kwa sakiti za kuigiza walifanya vizuri kuliko waliotumia vifaa halisi, si katika maswali ya kuelewa tu, bali hata walipotakiwa kuunda sakiti halisi. Matokeo hayo ni ya kuheshimiwa, nayo yanaonyesha kuwa si haki kuidharau kompyuta. Hata hivyo wanafunzi wale walikuwa katika maabara, wakiwa wenzi kwa wenzi, na walimu wao wakiwapo. Kisha mwisho wake walikabidhiwa waya halisi. Ushahidi huo hauungi mkono kumwacha mtu peke yake na simu usiku.

Wengine watasema kuwa wakufunzi ni wachache, na kwamba mtandao uliletwa kwa sababu hiyo. Ni kweli. Lakini uchache wa wakufunzi ndio unaodai watumiwe mahali ambapo mashine haiwezi. Maelezo ya kawaida yaachiwe maandishi na sauti. Saa ambazo mkufunzi alizitumia kusoma mhadhara ule ule kila mwaka azitumie kutazama wanachuo wakifundisha.

Ili kozi hizi zifae, yatosha kuanza na mambo manne. Kwanza, kila somo la mtandaoni limalizikie katika tendo la darasani ndani ya juma hilo hilo, hata kama ni kipindi cha dakika ishirini mbele ya wanachuo wenzake. Pili, maswali yawe ya kuandika kwa kukumbuka, na angalau moja kila juma lisomwe na mkufunzi. Tatu, masomo yatolewe kwanza kwa maandishi na sauti, tena yaweze kupakuliwa mara moja katika kompyuta ya chuo na kunakiliwa na wote bila gharama. Nne, mwanachuo awe na daftari ambamo kila juma ataandika mahali alipokwama, aliona haya kumuuliza nani, na ni neno gani lingemkwamua. Cheti kisitolewe kwa sababu tu kurasa zote zimefunguliwa.

Jambo hilo la nne ni la gharama ndogo kuliko yote. Mwanachuo aliyewahi kubonyeza majibu manne mpaka likapatikana la kweli amejua jambo ambalo wakufunzi wake wengi hawakupata nafasi ya kulijua: kwamba mtu aweza kupewa alama zote na asielewe lolote, na asiwe na wa kumwambia. Katika darasa lake la kwanza watakuwamo wanafunzi wa hali hiyo hiyo, wakiitikia "ndiyo, mwalimu" kwa pamoja. Akiwa amefundishwa kuyakumbuka majuma yake manane, atawatambua. Asipofundishwa hivyo, atawapa alama na kuendelea na somo.